Miguu Ziwani

Kwetu hatukuwa na kaskazini wala kusini. Tulikuwa na ziwa na milima, basi. Ziwa Tanganyika, kwetu upande wa Kongo, lilikaa upande jua linakotoka, milima ilikaa upande linakozama, na katikati palikuwa na kipande chembamba cha ardhi ambapo tulijenga, tukalima muhogo, tukaanika ndagala, dagaa wa kwetu, na kugombana na majirani. Ukitaka mtu asogeze benchi, ulimwambia, "Sogeza ziwani kidogo." Ukielekeza nyumba ya fundi, ulisema ni ile ya mlimani. Mtoto alijua hayo kabla hajajua kuvaa viatu, na mimi niliyekuwa mwalimu wa jografia nilipata taabu kweli kuwaingizia watoto wa kwetu mashariki na magharibi kichwani.

Hata maiti tulimlaza hivyo, kichwa mlimani, miguu ziwani. Sababu yake ilikuwa ya Kikristo kabisa. Bwana atakuja na mapambazuko, na mfu akiinuka awe tayari ameelekea jua, amwone usoni, asihangaike kugeuka. Wachungaji wetu walifundisha hivyo, wazee kabla yao walifanya hivyo, nasi hatukuona la kubisha.

Shuleni nilifundisha kwa Kifaransa, na Kifaransa kilipochoka nilimalizia kwa Kiswahili. Somo nililolipenda kupita yote lilikuwa la ardhi inayosogea. Niliwaambia wanafunzi kwamba gamba la dunia si kitu kimoja. Limekatika vipande vipande, na kila kipande kinateleza polepole sana juu ya mawe ya moto yaliyo chini. Vingine vinagongana na kuinua milima, vingine vinaachana. Afrika yetu hii inaachana. Mpasuko unaanzia mbali huko Bahari ya Shamu, unashuka kwa mikono miwili, mmoja unapita Kenya, mwingine unapita kwetu. Ardhi ya katikati imedidimia, maji yamejaa, ndiyo maziwa haya marefu. Kingo zake zimeinuka, ndiyo milima hii. Sikuhitaji hata ramani, nilifungua dirisha nikawaonyesha.

"Madamu," aliniuliza siku moja binti wa nyuma, "sasa sisi tulijenga ndani ya ufa?"

"Ndani kabisa. Na mama yako anauzisha samaki mulemule."

Walicheka mpaka direkta akaja kuchungulia. Mara mojamoja ardhi ilitikisika kweli, vikombe vikagongana kabatini, tukakimbilia uani, tukasimama kidogo tukiangaliana, kisha tukarudi mezani kumalizia bugali. Hatukuona ni jambo la kumwandikia mtu.

Halafu ukaja mwaka 1996 na vita vyake. Huo siusimulii. Nimeusimulia mbele ya meza nyingi, kwa watu wengi wenye kalamu, mpaka umekuwa kama umempata mtu mwingine, na kila nikianza upya nachoka kabla sijafika mtoni. Itoshe kusema tulivuka, tukakaa kambi moja, tukaondoka, tukakaa nyingine, na baada ya miaka hiyo ya kufunga na kufungua mizigo tukafika Nakivale, Uganda, tukiwa watu watatu: mimi, bwana yangu, na mama yake. Watoto Mungu hakutupa.

Bwana yangu alikuwa fundi cherehani, mtu mrefu, mwimbaji mbaya aliyependa kuimba. Alifika Nakivale na homa, na homa ikammaliza mvua za kwanza, kabla hatujapata hata miti ya kusimamisha nyumba. Siku tuliyomzika mvua ilikuwa imetanda tangu usiku, mbingu yote ya kijivu, jua hatujaliona tangu tushuke kwenye lori. Wanaume wa kwetu walichukua majembe. Mmoja akamuuliza mwenyeji aliyekuwa anapita na ng'ombe, "Ziwa liko wapi?" Maana Nakivale nako kuna ziwa, ndilo lililoipa jina. Yule mtu akanyoosha fimbo yake. Wakachimba kufuata fimbo.

Mama, yaani mama mkwe wangu, macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu tangu kambi ya nyuma. Alisimama kwenye matope nikiwa nimemshika kiwiko.

"Miguu iko ziwani?" akauliza.

"Iko ziwani, Mama," wakamjibu.

Akashusha pumzi. Hilo tu ndilo alilouliza siku ile.

Miaka ikapita hivyohivyo. Tulijenga nyumba ya udongo karibu na kijiji cha Misiera, turubai juu, baadaye bati mbovu. Nililima mahindi na maharage, mvua ikakubali mwaka huu, ikagoma mwaka ule. Mama akabaki na ukungu wake machoni. Waliniambia nimpeleke hospitali Mbarara akapasuliwe, yeye akakataa, akasema ya kuona ameshayaona. Kazi yake ikawa kuchambua maharage kwa vidole, na nawaambia hakuna jiwe lililompita. Watu wa kwetu walinishauri niolewe tena, mimi bado nina nguvu, nitaishije na kikongwe. Mama alikuwa akisikia hayo anacheka na kuniambia, "Olewa tu, mwalimu. Lakini huyo bwana ajue kama na mimi niko ndani ya mahari." Mwalimu ndilo jina aliloniitia tangu niolewe, kwanza kwa dhihaka, baadaye kwa mazoea.

Sasa utaniuliza, na mimi nimejiuliza sana: miaka yote hiyo, jua linatoka kila siku, hamkuona? Tuliona. Pale penye nyumba zetu jua linatoka upande wa nchi kavu na kuzama upande wa maji, kinyume kabisa na kwetu. Tulicheka mwanzoni, tukasema ziwa la hapa limekaa vibaya. Lakini mdomo haukubadilika. Sisi watu wa ufukweni tukikaa barazani kwa muuza sukari pale Misiera, mtu akisema "nyumba ya ziwani" alimaanisha ile ya upande wa mapambazuko, na maji yenyewe yako nyuma ya mgongo wake. Warundi tuliokaa nao kambini walituona wendawazimu. Tulikuwa na ziwa la mdomoni na ziwa la maji, na mtu hakuweza kupotea kwa sababu sote tulijua lipi ni lipi. Hakuna aliyekaa chini akakumbuka kwamba makaburi yetu ya kwanza tuliyachimba kwa kufuata lile la maji.

Mwaka mmoja, kama 2011 hivi, shule moja ya Nyamitanga, pale Mbarara ng'ambo ya mto Rwizi, ilitafuta mtu wa kufundisha Kifaransa. Nikaenda. Nilikuwa naondoka Jumatatu asubuhi, nabadilisha gari Kaberebere, nafika Nyamitanga mchana, narudi Ijumaa. Jirani yangu mmoja, mama wa kwetu, alikubali kumwangalia Mama. Kusimama tena mbele ya ubao kulinifurahisha kwa wiki kama mbili, halafu miguu ikaanza kuuma. Ujana ulikuwa umebaki kwenye ile mizigo.

Mwalimu wa jografia wa pale alikuwa Munyankore, mwenyeji wa kulekule, wa makamo, mcheshi, Kiswahili chake cha barabarani. Siku aliposikia nimetoka ufukweni mwa Tanganyika alinishika mkono kama amepata nyama ya bure, akaniita nyabo, ndiyo bibi kwa lugha yao.

"Nyabo! Wewe naishi ndani ya rift yenyewe! Mimi nasoma kwa buku tu. Kuja ambia hawa watoto."

Nikaenda darasani kwake. Niliongea Kiswahili, yeye akageuza Kiingereza. Niliwaeleza ile sakafu iliyodidimia, kina cha maji, milima inayosimama ghafla nyuma ya nyumba. Naye akawaonyesha dirishani mto wao wenyewe, akasema Rwizi zamani ulitiririka kwenda upande wa Kongo, hadi ukingo wa mpasuko ulipoinuka na kuuzuia, maji yakageuka yakarudi yalikotoka, na sasa yanakwenda upande wa maziwa ya Nakivale na kuendelea hadi Victoria. Sikuwa najua hilo. Nimefua nguo zangu kwenye mto uliogeuzwa, nikadhani ni mto tu.

Msichana mmoja akauliza watu wa kwetu wanaishije juu ya ufa bila woga. Nikasema woga haupo, ziwa ndilo linalotuonyesha njia, kila kitu tunakipima kwa ziwa, hata wafu wetu tunawalaza miguu ziwani ili waamke wakiangalia jua.

"Na huko Nakivale?" akauliza.

"Na huko vilevile. Miguu ziwani."

Mwalimu akatafsiri. Halafu akatazama ramani ukutani, chaki mkononi, akasema bila ubaya wowote, "Lakini nyabo, ile lake ya Nakivale si iko huku? Camp iko huku, lake iko huku. West."

Darasa likasubiri. Mimi nikaona fimbo ya yule mtu wa ng'ombe kwenye mvua, na majembe yanaifuata. Yesu wangu. Nikawaambia watoto samahani, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Ijumaa nilipofika Nakivale sikwenda nyumbani kwanza. Nilipita makaburini. Kona ya watu wetu iko kwenye mteremko, na jua la alasiri lilikuwa linashuka juu ya maji. Bwana yangu alikuwa amelala akiliangalia linavyozama, yeye na wale wengine wa mvua zile za kwanza. Wote wamelipa jua la mapambazuko kisogo. Nilikuwa nimeng'oa magugu pale kila mwaka nikiangalia magugu.

Niliazimia kumficha Mama. Lakini utamficha nini mtu mnayelala naye chumba kimoja, tena kipofu, anayesikia hata unavyomeza mate? Kabla sijatua mfuko akaniuliza nani kafa.

Nikamwambia yote. Alikuwa na ungo wa maharage mapajani. Vidole vyake vikasimama.

"Mulimugeuza mutoto wangu," akasema.

"Tulifuata maji, Mama. Hakukuwa na jua."

"Mulimugeuza. Bwana atakuja huku, yeye ataamuka anaangalia kule. Atasema, kumbe hakuna kitu. Atalala tena."

Niliwahi kumwona Mama akilia mara chache tu. Hakulia. Alinitaka nimwite mchungaji, tena upesi, na mchungaji akaja na wazee wawili wa kanisa, wote watu wa kwetu. Akawaambia anataka mwanawe afukuliwe, ageuzwe. Walitazamana. Kwetu kufungua kaburi ni kuita msiba mwingine, hata watoto wanajua, na mchungaji, pamoja na masomo yake yote, alijua pia.

"Mama," akasema kwa upole, "Mungu anajua batu bake. Hata mutu akilala kichwa chini, siku ile atamuona."

"Mungu anajua. Mutoto wangu ndiye hajui."

"Haiwezekani, Mama. Tutaleta mambo."

"Basi mimi munizike wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anakihangaikia. Mama alikuwa ameshachagua mahali pake siku nyingi, kando ya mwanawe, mkono wa kushoto. Ndilo tumaini lililombakia. Bwana wake alibaki kule kwetu, wanawe wengine njiani, hajui hata ni mti gani. Huyu mmoja alikuwa na kaburi linalojulikana, na Mama alipanga kuamka kando yake. Sasa wakimlaza sawasawa, aelekee jua, ataamka amempa mwanawe mgongo. Wakimlaza kama mwanawe, wote wawili watampa Bwana mgongo. Mchungaji akasema Mama alazwe inavyopasa, kwa kuwa sasa tunajua upande. Mama akasema hatalala mgongo kwa mutoto wake, afadhali wamtupe ziwani samaki wamle.

Akaacha kanisa. Akaacha pia uji wa asubuhi. Kila Ijumaa nikirudi namkuta amepungua, jirani anatikisa kichwa mlangoni. Nilimbembeleza, nikamkemea, nikamkasirikia kabisa. Nilimwambia mimi nimechoka, nimebeba mizigo ya kila namna tangu kwetu, na huu wa kubishana na wafu siuwezi. Akanijibu bila kunyanyua sauti, "Mwalimu, na mimi nilichoka. Ndiyo maana nauliza fasi ya kulala."

Wiki ile Nyamitanga nilifundisha vibaya. Mwalimu wa jografia akaniona, akaniuliza nini, nikamwambia, maana alikuwa yeye aliyelifungua jambo bila kujua. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alipiga ulimi, akasema, "Bambi, maskini, yule mzee." Kisha akaenda kabatini akaleta ramani nyingine ambayo sikuwahi kuiona, imejaa mishale midogo.

Akanieleza. Watu wamepanda vyombo ardhini sehemu nyingi za Afrika, kimoja kiko hapahapa Mbarara, vinazungumza na mitambo ya angani na kupima ardhi imesogea kiasi gani. Nilijua tangu zamani kwamba pande mbili zinaachana. Ambalo sikulijua ni hili. Kipande kilichokaa kati ya ile mikono miwili ya mpasuko, yaani Uganda, sehemu kubwa ya Tanzania na Ziwa Victoria katikati, hakiendi tu mashariki. Kimebanwa huku, kimevutwa kule, basi kinajizungusha chenyewe.

"Nazunguka namna gani?" nikamuuliza kwa Kiswahili chake.

Akachora hewani kwa kidole, kinyume cha mishale ya saa. "Pole pole, nyabo. Wewe hapana ona."

Nikaiangalia mishale ile mpaka kengele ikalia. Nikaweka kidole Nakivale, nikakielekeza magharibi, nikakizungusha kama alivyochora. Magharibi, halafu kusini, halafu mashariki. Nikarudia. Nikakaa kwenye kiti cha mwanafunzi.

Jumamosi asubuhi nilimkalisha Mama nje. Mtu asiyeona huwezi kumwonyesha ramani, nikachukua ungo wake. Nikamwekea katikati harage moja kubwa, nikamshikisha kidole penye jicho lake, lile doa dogo la harage.

"Huyu ni mutoto wako. Jicho linaangalia ziwa. Hili la maji."

"Basi njo kusema limegeuka."

"Ngoja, Mama. Ungo ni inchi hii tunakalia. Mukono wako huu ni Kongo. Mukono huu ingine ni kule mbali, Somalia, baharini. Kongo inavuta huku, ile ingine inavuta kule. Ungo uko katikati, haupati njia. Unafanya nini?"

Alivuta. Ungo ukazunguka kidogo mapajani mwake. Nikausaidia, polepole, kwa upande ule wa mishale, kidole chake kikiwa bado penye jicho la harage.

"Sasa linaangalia wapi?" akauliza.

"Limeacha ziwa. Limeshika upande wa Rwanda."

"Zungusha."

"Limepita Rwanda. Sasa linaangalia Burundi, na hapa, pembeni yake, ni kwetu. Ufukweni. Milima nyuma, ziwa mbele."

Kidole chake kikasimama pale. Sikuzungusha. Kuku wa jirani wakaja, wakaondoka, yeye bado ameshika.

"Anapita kwetu?"

"Anapita kwetu, Mama. Hana njia ingine. Kiisha kwetu anashika Tanzania, kiisha Tanzania njo anaona jua."

"Si unanidanganya, mwalimu? Unanihurumia?"

"Baliipima, Mama. Chombo kiko Mbarara."

"Itamaliza siku ngapi?"

Hapo ningeweza kumdanganya na nisingejuta. Lakini alikuwa ameniita mwalimu. "Siku mingi, Mama. Mingi kabisa. Ukucha wako unakimbia kushinda hii inchi. Hakuna mutu ataona, hata batoto ba batoto."

"Na Bwana akikuja mbele haijamaliza?"

"Mimi sijui hiyo. Hiyo uliza mchungaji."

Akafikiri. Akalitoa harage kwenye ungo, akalisugua kwa kidole gumba, akalirudisha kwenye lundo la mazuri. "Akikuja mbele, atamukuta njiani," akasema. "Kungoja tulizoea. Munilaze sawa yeye. Tutazunguka pamoja."

Mchana ule alikunywa uji, akalalamika hauna chumvi.

Alikaa nasi mwaka mmoja na kitu baada ya hapo. Alirudi kanisani, akawa mtu wa maneno, akawasimulia wanawake wenzake kwamba inchi ya Uganda inazunguka, na alipobishiwa aliita ungo. Wale ambao wafu wao walilala pamoja na bwana yangu walikuja kwetu mmoja mmoja, wakinunua maharage wasiyoyahitaji, mpaka wanapata ujasiri wa kuuliza kama na yule wao atapita kwetu. Mama aliwajibu, "Bote batapita." Mchungaji aliniweka kando akaniuliza kama hayo ni ya kweli au ni ya kumtuliza mzee. Nikamwambia ni ya kweli, na kwamba mimi ni mwalimu, si mganga. Akasema itamsumbua kuihubiri. Nikamwambia asiihubiri.

Alikufa kwenye kiangazi, mchana, akiwa ameegemea ukuta kwenye jua. Nilipigiwa simu Nyamitanga nikiwa na chaki mkononi, na nilipofika Nakivale wanaume wa kwetu walikuwa wameshakwenda kuchimba. Siku hiyo anga lilikuwa jeupe, jua linaonekana toka lilikotoka mpaka linakokwenda, hapakuwa na wa kuuliza njia. Mchungaji alinisubiri penye mteremko. Makaburi yote mapya yalikuwa yameelekea mapambazuko, kama alivyokuwa ameagiza tangu ile habari itoke.

"Mwalimu, tunaweza bado kumulaza inavyofaa," akasema. "Hakuna mutu atakulaumu."

"Yeye alichagua."

"Haya," akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka kama yangu. Akafungua kitabu.

Tukamlaza kushoto kwa mwanawe, wameelekea pamoja. Waliimba wimbo wa kwetu, na mimi nilishindwa kuimba, nikawa nafungua mdomo tu. Walipomaliza kusawazisha udongo ndipo nilipoona kwamba upande wa pili wa bwana yangu, kulia kwake, nako kumefyekwa. Kipande kisafi, upana wa mtu mmoja, magugu yametolewa na mizizi yake.

Nikamuuliza mmoja wa wachimbaji nani amewatuma pale.

"Ni Mama," akasema, akifuta jembe kwa nyasi. "Alikuja hapa na jirani yako, wewe uko Mbarara. Alituonyesha kwa mikono. Alisema hii fasi batu basiiguse. Alisema mwalimu naye atapenda kuona kwetu, saa ile tutapita."

Watu walianza kushuka. Jirani akanishika kiwiko, akaniambia twende, uji uko motoni. Nikamwambia atangulie. Nilikuwa nimechoka mwili mzima, kama niliyetoka kwetu leo, na miaka yote tangu tutoke kila nilipokaa nilikaa nikifikiria pa kwenda. Nikaweka mfuko wangu wa shule chini kwenye kile kipande kilichofyekwa, nikakaa juu ya udongo mkavu, jua likinipiga usoni, na sikutaka kwenda fasi ingine.